Klasi A, B, C zilishaisha zamani, maski ndo inaamua: niliyojifunza kwenye kazi za netiweki

Kila kijana anayekuja field ofisini kwetu namuanzia na swali moja, anwani ya IP 10.20.0.5 (namba ya kompyuta kwenye netiweki) iko kwenye mtandao gani? Karibu wote wanajibu hapohapo "klasi A", halafu wananyamaza wakisubiri niseme sawa. Siwalaumu, ndo walivyofundishwa na mimi nilifundishwa hivohivo, ila nimezunguka na kazi hizi za netiweki kiasi cha kutosha kuona jibu hilo likiishia hapo linaleta balaa gani, ofisi inasimama asubuhi nzima, watu wanagombana kwenye simu na kampuni ya intaneti, kumbe shida ni namba moja imekaa vibaya kwenye kompyuta. Jibu ninalolitaka mimi ni "niambie kwanza maski yake", yaani ile namba inayoonyesha sehemu gani ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya mashine. Bila maski hiyo 10.20.0.5 inaweza kuwa kwenye mtandao wenye mashine milioni 16, au wenye mashine mbili tu, na zote ni halali kabisa.

Ngoja nieleze klasi zenyewe kwanza maana huwezi kuzikwepa, kwenye mitihani zipo, na kama utakavyoona mbele kidogo bado zimejificha sehemu moja mbaya sana.

Anwani ya IPv4 (IP tuliyoizoea) ni biti 32, yaani sifuri na moja 32, tunaigawa mafungu manne ya biti nane nane, ndo maana kila fungu linaanzia 0 linaishia 255. Mwaka 1981 ilipotoka RFC 791, ile hati iliyoweka sheria za IP, walisema sehemu ya mtandao na sehemu ya mashine zijulikane kwa kuangalia biti za mwanzo tu. Ikianza na 0 ni klasi A, biti 8 za mtandao na 24 za mashine. Ikianza na 10 ni klasi B, nusu kwa nusu, 16 na 16. Ikianza na 110 ni klasi C, 24 za mtandao na 8 za mashine. Ukizigeuza kuwa namba zetu za kawaida ndo unapata ile tebo ya kukariri, A ni 1 mpaka 126 (127 iliachwa kwa mashine kujiita yenyewe, ile 127.0.0.1), B ni 128 mpaka 191, C ni 192 mpaka 223, halafu D 224 mpaka 239 ya multikasti (kutuma kwa kundi la mashine kwa pamoja) na E 240 mpaka 255 iliyowekwa akiba.

Kwa wakati ule ilikuwa akili nzuri tu. Ruta, kile kifaa kinachopitisha data kati ya mtandao na mtandao, inaangalia biti za mwanzo inajua mstari wa kugawa uko wapi, haihitaji kuambiwa maski, anwani inajieleza yenyewe. Shida ni vipimo. Klasi C inakupa mashine 254, klasi B inaruka mpaka 65,534, klasi A 16,777,214, katikati hapo hamna kitu. Sasa chukua taasisi yenye kompyuta 300, C haiwatoshi, wakiomba B wanapewa anwani elfu 65 wanatumia 300 zilizobaki zinalala. Na zile A 126 pamoja na 0 na 127 za pembeni zinakula nusu nzima ya anwani zote za dunia, chuo kama MIT kilikuwa na 18 yote, Ford walikuwa na 19, Apple wana 17. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 klasi B zikaanza kuelekea kuisha, ndo Septemba 1993 ikaletwa CIDR, mfumo wa kugawa anwani bila klasi, na toka hapo kwenye intaneti klasi hazina kazi tena. Mstari wa kugawa mtandao na mashine unaweza kukaa popote, na kuonyesha umekaa wapi tunaandika slashi na idadi ya biti za mtandao, /8, /19, /27, vyovyote.

1993 jamani! Vijana ninaowapokea wengi walikuwa hawajazaliwa. Lakini wanafika wameishika tebo ya 1981 kichwani vizuri kuliko kitu kingine chochote, na hakuna aliyewaambia ilikufa lini.

Mimi aliyenifungua macho ni mzee mmoja kwenye kazi yangu ya kwanza, alianzia enzi za simu za waya akahamia kwenye data. Nilimkuta anapanga anwani za jengo kwa penseli, hana kikokotoo wala nini, nikasogea, shikamoo mzee, marahaba kijana, kaa. Akaandika kwenye karatasi 128 64 32 16 8 4 2 1. Akasema hizi ndo noti zako, kila noti unayo moja tu, na kulipa unaanzia kubwa kwenda ndogo bila kuruka.

"Haya nipe noti mbili, umenipa ngapi?"

"192 mzee."

"Tatu?"

"224."

"Nne?"

"240."

Tukaenda hivo mpaka 255. Halafu akaniambia hizo namba ndo zote zinazoweza kukaa kwenye fungu la maski, 0, 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255, basi, hakuna nyingine duniani. Mtu akikuandikia 255.255.255.230 mrudishie karatasi yake. Na slashi ni kuhesabu tu umetoa noti ngapi jumla kwenye mafungu yote manne, /27 ni mafungu matatu yaliyojaa, yaani 24, ukiongeza noti tatu, kwa hiyo 255.255.255.224.

Chuo nilikaa naandika sifuri na moja mistari na mistari na sikuwahi kuielewa kama nilivyoielewa pale kwenye ile karatasi. Na hatua ya pili ndo ilinimaliza kabisa. Chukua 256 toa namba ya maski, unapata hatua, yaani mitandao inaruka kwa ngapi. /27 ni 256 toa 224, hatua ni 32, kwa hiyo mitandao inaanzia 0, 32, 64, 96 na kuendelea. Ukiulizwa 192.168.10.77/27 iko wapi, 77 iko kati ya 64 na 96, basi mtandao wake ni 192.168.10.64, broadikasti (anwani ya kuwatumia wote kwa pamoja) ni 95, mashine unaweka kuanzia 65 mpaka 94, jumla 30. Hujaandika sifuri hata moja.

Inafanya kazi hata mstari ukikaa fungu la tatu, hapa ndo wengi wanaogopa. 172.16.37.200/20, maski ni 255.255.240.0, hatua ni 16 kwenye fungu la tatu, 0, 16, 32, 48, na 37 yetu iko kati ya 32 na 48. Mtandao ni 172.16.32.0 na broadikasti 172.16.47.255, humo ndani una mashine 4,094. Na cha kushangaza, 172.16.33.0 na 172.16.33.255 hapo ni anwani za kawaida kabisa unaweza kumpa mtu kompyuta, kwa sababu haziko mwanzoni wala mwishoni mwa mtandao. Nimewahi kubishana na fundi mzoefu aliyekataa katakata kuwa anwani inayoishia na .255 inaweza kuwa ya mashine, tukaweka kwenye laptop hapohapo ikapingi vizuri, yaani iliitwa ikajibu.

Sasa kitu kikubwa kuliko hesabu zote hizo, na hiki naomba mtu akishike hata akisahau mengine. Kompyuta kabla haijatuma kitu inajiuliza swali moja, huyu ninayemtafuta ni jirani au yuko mbali? Inachukua anwani yake na maski yake inapata mtandao wake, inachukua anwani ya mwenzake na MASKI YAKE MWENYEWE inapata mtandao wa mwenzake, inalinganisha. Zikifanana inapiga kelele ya ARP, yaani inauliza wote kwenye waya "nani ana anwani hii?", kumtafuta moja kwa moja, zisipofanana inampa getiwei, ile ruta ya kutokea nje, ashughulike. Maski ya mwenzake haijui na haina namna ya kuijua. Kwa hiyo maski yako ikiwa pana kupita kiasi utadhani watu wa mbali ni majirani, ikiwa nyembamba kupita kiasi utadhani majirani ni watu wa mbali. Karibu kila tatizo la maski nililokutana nalo ni moja kati ya hayo mawili.

La kwanza lilitukuta kwenye kampuni moja ya usambazaji tuliyokuwa tunaihudumia, makao makuu Dar na matawi mikoani. Dar walikuwa na 10.10.0.0/24 na seva ya mahesabu iko 10.10.0.5, Mwanza wana 10.20.0.0/24, wengine hivohivo kwa mpangilio, vizuri tu. Imefanya kazi miaka. Radi ikapiga Mwanza ikaunguza ruta, ikafungwa nyingine, na kuanzia hapo baadhi ya kompyuta zikawa hazifiki kwenye seva ya Dar na nyingine zinafika kama kawaida. Na zote, nasisitiza zote, zina intaneti.

Kila mtu akasema laini mbovu, kampuni ya laini ikaitwa, wakapima wakasema kwetu safi. Ikafika kwangu, nikampigia dada wa uhasibu kule tawini.

"Kaka Yutubu inafunguka, WhatsApp inafunguka, mfumo tu ndo haufunguki, na mwisho wa mwezi huu, jamani tusaidie."

"Pole dada, tutalimaliza. Fungua ile skrini nyeusi uandike ping, acha nafasi, 10.10.0.5, halafu nisomee inavyokujibu."

"Inasema jibu limetoka 10.20.0.31, mashine haifikiki."

"Hiyo 10.20.0.31 ni ya nani hapo?"

Akanyamaza kidogo anaangalia stika. "Si ndo ya kompyuta yangu hii."

Hapo nikajua laini haihusiki. Ikiwa anayekujibu kuwa haifikiki ni kompyuta yako mwenyewe, maana yake pakiti haijatoka hata mlangoni, imepiga ARP kumtafuta mtu kwenye waya wa hapohapo na hakuna aliyeitika. Nikamwambia andika ipconfig nisomee sabneti maski, akasoma 255.0.0.0.

Basi kila kitu kikakaa wazi. Kwa maski hiyo kila kinachoanza na 10 ni jirani. Kompyuta ya Mwanza inadhani seva ya Dar iko kwenye swichi ileile chini ya meza, inaiita kwa ARP inasubiri, hamna jibu. Yutubu inafunguka kwa sababu anwani za huko hazianzi na 10, zinaonekana ziko mbali, zinapewa getiwei zinaondoka zao. Na zile kompyuta zilizokuwa zinafika Dar zilikuwa zinachukua anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani na maski yenyewe, ambayo iliwapa 255.255.255.0 sahihi, hizi za uhasibu ziliwekwa kwa mkono.

Sasa nani aliweka 255.0.0.0? Hapa ndo klasi zilipojificha. Lile dirisha la siku nyingi la Windows la kuweka anwani ya IPv4 kwa mkono, ukiandika 10.20.0.31 ukabonyeza Tab kwenda mstari wa chini, maski inajijaza yenyewe, na inaijaza kwa klasi! Ukianza na 10 inaweka 255.0.0.0, ukianza na 172.16 inaweka 255.255.0.0, ukianza na 192.168 inaweka 255.255.255.0. Sheria ya 1981 inakujazia fomu leo hii. Mtu aliyefundishwa kwamba 10 ni klasi A akiiona 255.0.0.0 anaona ni sahihi kabisa, anabonyeza OK anaondoka, na ndo maana nasema tebo ile ukiipata bila historia yake ni hatari.

Swali lililobaki, mbona miaka yote ile ilikuwa inafanya kazi? Hili lilinichukua muda kidogo na ndo sehemu niliyoipenda. Ruta ya zamani ilikuwa imewashwa proksi ARP, yaani ikisikia mtu anaita 10.10.0.5 na yenyewe inajua njia ya kufika huko, inaitika "mimi hapa" inapokea pakiti inaipeleka Dar. Ilikuwa inawafichia kosa kimyakimya. Ruta mpya haina tabia hiyo, na kusema kweli isiyo nayo ndo salama zaidi. Hakuna aliyeharibu kitu siku ile ya radi, ruta mpya ilionyesha tu kilichokuwa kimekaa vibaya toka mwanzo. Tukarekebisha maski, halafu tukazihamishia zote kwenye DHCP zikawekewa anwani maalumu humohumo, mtu asiandike tena kwa mkono.

Tatizo la upande wa pili, maski nyembamba, nililikuta kwenye hospitali moja. Walianza na 192.168.0.0/24, wakakua, anwani zikaisha, wakapanua kuwa /23 yaani 255.255.254.0 ili wapate 510. Uamuzi mzuri. Kompyuta mpya zikaanza kupata 192.168.1.kitu na zote zikagoma kuprinti kwenye printa ya maabara, za zamani zinaprinti. Printa ilikuwa 192.168.0.200 na imebaki na 255.255.255.0 yake na mstari wa getiwei uko wazi, maana zamani haikuhitaji. Kompyuta mpya inamwona printa ni jirani, inampelekea, printa inapokea inataka kujibu, inaangalia kwa maski yake, huyu wa 192.168.1 yuko mbali, getiwei sina, inabaki na jibu lake mkononi. Kubadilisha maski ya printa ilikuwa kazi ya dakika chache. Kwa hiyo ukipanua mtandao usidhani DHCP imemaliza, zunguka kwenye printa, kamera, mashine za mahudhurio, kila kilichowekwa kwa mkono, kile kitu kitakusubiri.

Na hapohapo kwenye /23, kuna mtu aliwashauri waongeze 192.168.1.0 na 192.168.2.0 ziwe pamoja. Haiwezekani. Hatua ni 2, kwa hiyo jozi ni 0 na 1, 2 na 3, 4 na 5. Moja na mbili zinakaa jozi tofauti, huwezi kuziunganisha kwa /23 hata ufanyeje. Ukijua ile karatasi ya mzee hili unaliona bila kubishana.

Twende kwenye anwani za umma kidogo, zile zinazofikika kwenye intaneti, siyo za ndani ya ofisi, maana hapa ndo nimeona klasi zilivyokuwa hazitufai sisi huku. Ukicheki anwani za umma za mitandao yetu Afrika, nyingi zinaanza na 41, 102, 105, 154, 196, 197. Kwa tebo ya zamani 41, 102 na 105 ni klasi A, 154 ni B, 196 na 197 ni C. Mtu akikwambia kampuni yake ina anwani ya 41 "klasi A", je ina mashine milioni 16? Hapana. 41.0.0.0/8 yote ilikabidhiwa AFRINIC, wale wa Mauritius wanaogawa anwani kwa bara letu, nao wakaikata vipande vya /16, /20, /22 na vinginevyo wakagawia mamia ya mitandao kuanzia Cairo mpaka Cape Town. AFRINIC ilitambuliwa rasmi 2005, wakati wenzetu walishachukua zao siku nyingi. Ingekuwa bado tunagawana kwa klasi, hiyo 41 angepewa mmoja tu na wengine tungebaki tunaangalia. Ni kukata popote kwa CIDR ndo kulifanya kidogo kilichokuja huku kikagawika. Tarehe 3 Februari 2011 vile vipande vitano vya mwisho vya /8 vya dunia nzima viligawanywa kimoja kimoja kwa kila kanda, sisi tukapata 102, akiba kuu ikawa imekwisha. Kila nikimweleza kijana hili namwona anakaa vizuri kwenye kiti, maana slashi inaacha kuwa hesabu ya mtihani.

Uhaba huo unaugusa kila siku. Bosi mmoja alinunua /29 kwa ajili ya ofisi, akaniita, kijana hawa watu wameniambia anwani nane mbona nyie mnatumia tano? Nikamchorea, tuseme ni 203.0.113.40/29, hatua ni 8, kuanzia 40 mpaka 47. 40 ni jina la mtandao, 47 ni broadikasti, zimebaki sita, moja wameishika wenyewe kwenye ruta yao ndo getiwei yako, zako ni tano. Alielewa mara moja na hakuwa mtu wa IT.

Na wale wa kamera za CCTV, hili ni lenu. Mtu amefunga kamera nyumbani, amefanya port fowadingi (kuiambia ruta ipeleke maombi ya nje kwenye kamera) vizuri kabisa, akiwa nje haioni. Ingia kwenye ruta angalia anwani ya upande wa WAN, yaani wa intaneti. Ukikuta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hiyo ni 100.64.0.0/10, iliyotengwa 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Huna anwani ya umma, fowadingi yako inaishia hewani, omba wakupe anwani ya umma au tumia njia nyingine kama VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa mbali kupitia intaneti). Ona hapo pia klasi zinavyopotosha, fungu la kwanza ni 100, kwa tebo ni klasi A ya umma, lakini ni ule mkato wa /10 ndo unakwambia ukweli.

Hivohivo kwa 172. Anwani za ndani ni 172.16.0.0/12, yaani 172.16 mpaka 172.31. Nimekuta ofisi wametumia 172.50 humo ndani wakiamini 172 zote ni za ndani kwa kuwa "ni klasi B ya praiveti". Siyo, hizo ni za umma zina wenyewe, na siku mtu wa ofisi hiyo akitaka kufika kwenye tovuti au seva iliyo kwenye anwani hizo hatafika, pakiti zitaishia ndani. Tulihamisha mtandao mzima, kazi ya wikiendi na usiku, kwa sababu ya kutojua /12 inaishia wapi. Hatua yake ni 16 kwenye fungu la pili, 16 mpaka 31, basi.

Kwa anayepanga mtandao mpya, nakuomba usianze na 192.168.1.0/24 wala 192.168.0.0/24 kwa ofisi. Ruta nyingi za nyumbani zinakuja na hizo, siku mhasibu anataka kuingia kwa VPN akiwa kwake, nyumbani ni 192.168.1.0/24 na ofisini ni 192.168.1.0/24, kompyuta yake itadhani seva ya ofisi iko sebuleni. Ni lilelile swali la jirani au mbali. Mimi napenda 10, fungu la pili liwe tawi, la tatu liwe idara au VLAN (mtandao uliotenganishwa ndani ya swichi zilezile), kila kitu /24, tawi la Mbeya ni 10.30, wahasibu ni 10, basi wahasibu wa Mbeya ni 10.30.10.0/24. Anwani za ndani ni bure, usibane, acha nafasi. Faida ni kwamba Dar kwenye ruta unaandika njia moja tu, 10.30.0.0/16 kwenda Mbeya, hata waongeze idara ngapi kule huigusi tena. Ila kwenye laini kati ya ruta na ruta hapo bana, /30 inakupa mbili zinazotosha, na kama vifaa vyako vinakubali hata /31 inafaa, imeruhusiwa toka mwaka 2000.

Na kwa wanaotumia ruta za MikroTik, mnaojua 192.168.88.1/24 inayokuja nayo, kumbuka ukiongeza anwani ukasahau slashi inachukua /32, haikisii klasi kama lile dirisha la Windows. Itagoma papo hapo utaiona, na mimi naona ni bora igome mbele yako kuliko ijaze kitu kwa makisio halafu ije iwaumbue watu wengine miaka mitano baadaye.

Vijana wangu siku hizi siwapi tebo ya klasi kwanza. Nawapa zile namba nane na anwani tano za kukata kila asubuhi kabla hatujatoka kwenda site, wanataja mtandao, broadikasti, ya kwanza na ya mwisho, kwa mdomo, bila simu. Baada ya hapo ndo nawaeleza klasi zilikuwa nini na ziliisha lini. Sasa tumeanza IPv6, toleo jipya la IP, biti 128, klasi hamna kabisa, slashi ileile. Mteja anaweza kupewa /48, kila LAN (mtandao wa ndani) ni /64, una biti 16 katikati za kugawa unavyotaka, sabneti 65,536 kwa ofisi moja, na aliyezoea kuuliza mstari wa kugawa umekaa wapi hapati shida, anasogeza tu macho mbele.